Kushika na Kuachia: Historia ya Stata ya Pikipiki

Fungueni madaftari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: stata, meno, roli.

Labda mmoja wenu ana pikipiki ya zamani inayobeba mpunga au abiria kwenda Mpanda mjini. Asubuhi anabonyeza kitufe, lakini injini haiwaki. Anasikia tu mlio wa kusaga, krrr! Je, mlio huo una maana gani? Ili tuuelewe, na turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Injini ya petroli haiwezi kuanza yenyewe. Lazima kitu kingine kiizungushe kwanza. Kitu hicho kina kazi mbili: kuishika injini ili kiizungushe, kisha kuiachia mara inapowaka. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyowasumbua mafundi.

Motokaa za kwanza ziliwashwa kwa mkono. Dereva alisimama mbele ya gari akazungusha hendeli ya chuma. Meno ya hendeli yalichongwa mshazari, hivyo injini ilipowaka iliyasukuma nje, hendeli ikaachia. Lakini cheche ikiwahi mno, injini ilirudi nyuma kwa ghafla. Hapo meno hayakuachia, na watu walivunjika mikono.

Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme iliyofaa motokaa, na kampuni ya Cadillac ikaiweka katika magari yake ya mwaka 1912. Mmarekani mwingine, Vincent Bendix, alieneza gia ndogo iliyokaa juu ya mhimili wenye mikato kama ya skrubu. Mhimili ulipozunguka, gia ilitembea kama nati, ikaingia katika meno ya gurudumu kubwa la injini. Injini ilipowaka, gurudumu liliishinda gia kwa mbio na kuirudisha mahali pake.

Pikipiki zilichelewa. Kwa miaka mingi watu walipiga kiki tu. Honda ya Japani ilianza kutia stata ya umeme katika pikipiki zake mwishoni mwa miaka ya 1950. Harley-Davidson ya Marekani iliiweka katika pikipiki yake kubwa, Electra Glide, mwaka 1965.

Katika pikipiki nyingi ndogo, meno ya stata hukutana wakati wote. Kinachoshika na kuachia ni klachi ya stata. Ndani yake mna roli, yaani vipande vya chuma vya mviringo, na springi za kuzisukuma. Stata ikizunguka, roli hubanwa penye wembamba, zikashika. Injini ikiwaka, roli hurudi penye nafasi, zikaachia.

Basi, mlio wa kusaga ni habari ya kazi hizo mbili. Chunguza kwa utaratibu.

Kwanza, tazama betri. Betri dhaifu huzungusha stata kwa kusitasita, injini ikapiga nyuma, na roli zikaumia.

Pili, piga kiki, kama pikipiki yako inayo. Injini ikiwaka vizuri bila mlio, ubaya huenda uko upande wa stata.

Tatu, sikiliza. Stata ikizunguka kwa mbio huku injini imetulia, klachi haishiki: roli zimelika, au springi zimechoka. Injini ikiisha kuwaka nawe umeachia kitufe, lakini mlio unaendelea, klachi haiachii.

Nne, mwaga oili ya injini katika chombo safi. Ukiona vipande vya chuma, usiendelee kuendesha. Jino lililovunjika huzunguka humo na kuharibu vingine.

Fundi akifungua, mwombe atazame pia boliti zinazoshika klachi. Mara nyingine zimelegea tu, na kuzikaza ni kazi ndogo. Lakini mwenye kubonyeza kitufe kila siku juu ya mlio huo hugeuza kazi ndogo kuwa injini nzima, na riziki ya nyumba ikasimama.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini hendeli ilivunja watu mikono?
2. Roli hushika wakati gani, na huachia wakati gani?
3. Mweleze jirani yako, kwa maneno yako mwenyewe, atazame nini kwanza.