Injini Iliyorudi Kukokotwa

Katika nchi ya Uingereza, kila mwaka jua la kiangazi linapoanza kukausha malisho, huonekana barabarani ajabu ambayo wenyeji wameizoea hata hawaigeukii tena: motokaa inakokota tela, na juu ya tela hilo, imefungwa mikanda na kutiwa kabari za mbao, imesimama injini ya mvuke ya kuvutia mizigo, yenye dohani yake, tanuri lake na magurudumu yake ya chuma, kamili kwa kila kiungo, illa kimo chake hakimfikii mtu mzima begani. Chombo kilichobuniwa ili kivute vingine kinakwenda maonyeshoni kikiwa kimebebwa. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni kichekesho. Lakini mwenye kuifuata tarikhi ya vyombo hivi ataona kuwa ni marejeo tu ya hali ya awali, kwani injini ya mvuke ya mashambani ilizaliwa ikikokotwa.

Mwaka 1841 nyumba ya Ransomes, katika mji wa Ipswich, ilitoa injini ya kuhamishika iliyokusudiwa kupura nafaka kutoka shamba hadi shamba, nayo, pamoja na nguvu zake zote za kuendesha mashine ya kupuria, haikuwa na uwezo wa kujisogeza hata hatua moja, hivyo ikafungiwa farasi. Mwaka uliofuata ikatolewa nyingine iliyoweza kujiendesha, na hata hiyo ilitiwa farasi mbele, si wa kuvuta bali wa kuelekeza njia, kwa kuwa haikuwa na usukani. Thomas Aveling, mkulima aliyegeuka fundi katika mji wa Rochester, hakuweza kulivumilia jambo hili; aliona kuwa farasi sita kuiburura injini ni kuitukana elimu ya mitambo, na kwamba ni upuuzi ulio sawa na majahazi sita kuikokota meli ya moshi, mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Basi mwaka 1859 akatwaa injini ya kuhamishika iliyotengenezwa na Clayton & Shuttleworth wa Lincoln, akaunganisha mhimili wake na gurudumu la nyuma kwa mnyororo mrefu, ikaenda kwa nguvu zake yenyewe.

Uhuru huo haukupokewa kwa furaha na kila mtu. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru kwamba kila injini ya barabarani iandamane na watu watatu kwa uchache, mmoja wao akitangulia kwa miguu yadi 60 mbele na bendera nyekundu mkononi, na kwamba mwendo usizidi maili 4 kwa saa nje ya miji, na maili 2 mjini. Kanuni hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, kidogo kidogo. Juu ya hayo injini zilienea, zikalima, zikapura, zikavuta mawe na magogo na mizigo ya watu wa michezo ya sikukuu, na zikavuka bahari. Moja ya safari zao mashuhuri haikuwa Ulaya bali Katanga, ambako mwaka 1915 mashua mbili za vita za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizokusudiwa kupambana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, zilipitishwa nchi kavu kutoka Fungurume hadi Sankisia zikiwa juu ya matela, zikivutwa na injini za mvuke. Penye mchanga na miinuko injini zilishindwa, wakaitwa maksai. Na wenyeji, ambao majina yao hayakuandikwa kama yalivyoandikwa ya maofisa, wakakata miti, wakajenga madaraja na kubeba kuni na maji ya kulisha mabwela. Siku moja baada ya Krismasi mashua hizo zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Vitabu vya vita husimulia zaidi habari za majini. Kwa maoni yangu, kazi iliyo kubwa ilikwisha kutendeka barabarani.

Baadaye magari ya mafuta yakashinda, na injini nyingi zikauzwa kama chuma chakavu. Kilichoziokoa zilizosalia kilikuwa ni dau: mwaka 1950 mkulima Arthur Napper wa Appleford alishindana na Miles Chetwynd-Stapylton, kila mmoja na injini yake, kwa pipa la pombe, Napper akashinda, na watu wakapenda kuja kutazama. Mwaka 1954 pakaundwa chama cha wenye injini, na mwaka 1969 yakaanza maonyesho makubwa ya Dorset. Lakini injini kamili ya tani 10 haipatikani ila kwa mwenye mali na banda. Na hapo ndipo walipoingia wahunzi wa nyumbani, waliokuwa wakifanya mitambo midogo tangu zamani, kwani gazeti lao, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898.

Sasa mwenye injini ndogo hukabiliwa na hesabu ya uzito ambayo farasi wa Ipswich walifanyiwa bila kuulizwa. Ukipunguza urefu wa injini kwa nusu, uzito haupungui kwa nusu, bali hubaki thumni; kwa hiyo tani 10 huwa tani moja na robo. Ukiipunguza hadi theluthi, hubaki kilo 370 hivi. Na hadi robo, kilo 156. Hiyo ni hesabu ya karatasini, maana mabamba na boliti hayakondeshwi kwa kiwango kilekile, na mizani aghalabu husema zaidi. Nayo sheria ya Uingereza huruhusu tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, wala lisizidi nusu ya uzito wa motokaa inayolivuta. Injini ya theluthi, ukiongeza tela lenyewe, makaa na vifaa, huukaribia mpaka huo kwa namna ya kuhatarisha. Injini ya nusu huuvuka kabisa, ikataka tela la ekseli mbili, lenye breki zinazojikaza zenyewe motokaa ipunguzapo mwendo. Kuanzia Januari 1997 wenye leseni mpya walizuiwa, isipokuwa katika mipaka finyu, kuvuta matela mazito bila mtihani wa pili. Sharti hilo likaondolewa tarehe 16 Desemba 2021.

Wengi hununua tela la kubebea vichimbuzi vidogo, nami nawaunga mkono, kwa kuwa sakafu yake imezoea chuma, ilhali gurudumu jembamba la injini hukandamiza mahali padogo na laweza kutoboa ubao wa tela la kawaida. Matela ya namna ya sanduku huikinga rangi na mvua, lakini dohani hupigana na dari. Uzito mwingi wa injini uko nyuma, penye tanuri na magurudumu makubwa, kwa hiyo tela refu kidogo humpa mwenyewe nafasi ya kuisogeza hadi uzito uelemee mbele ya ekseli kwa kiasi, la sivyo tela huyumba. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika kupakia injini ikiwa na moto. Ikipanda mbele kwanza, maji ya bwela hurudi nyuma yakafunika dari la tanuri, na salama huwapo. Ikishuka mbele kwanza, maji hukimbilia penye dohani, dari hubaki kavu juu ya moto, na kizibo cha usalama cha risasi huyeyuka, kama hapana balaa kubwa zaidi. Ndiyo sababu wajuzi hupanda mbele na kushuka kinyumenyume, au huzima moto, wakatumia winchi.

Na bado kuna jambo ambalo mnunuzi mgeni hulisahau dukani: katika injini zilizo ndogo dereva haketi juu yake, bali huketi juu ya kijitela kinachovutwa nyuma. Tela likipimwa kwa urefu wa injini peke yake, hicho cha pili hakina pa kuwekwa.