Vita vya Kuchoshana: Jeshi la Smuts Katika Nchi za Kwetu, 1916–1918

Watoto wetu waliozaliwa hapa Johannesburg huijua Kariakoo kuwa ni soko la Dar es Salaam, na wenye jamaa Nairobi huijua Kariokor vivyo hivyo. Asili ya majina hayo ni moja. Yametokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopigishwa kambi mahali hapo. Wachache miongoni mwetu wanakumbuka kwamba mmoja wa majemadari wakuu wa vita vile alitoka huku huku tunakokaa sasa, na ndiyo sababu nimeona yafaa habari hizi ziingie katika kitabu chetu cha mwaka huu.

Jemadari huyo ni Jan Smuts. Kabla ya kumtazama akiwa Moshi na Morogoro, hatuna budi kumtazama kwanza hapa Transvaal. Waingereza waliingia Johannesburg tarehe 31 Mei 1900, na siku chache baadaye wakaitwaa Pretoria. Walidhani vita vimekwisha. Makaburu wakakataa kusimama wapigwe. Wakagawanyika vikosi vidogo juu ya farasi, wakakata reli, wakashambulia na kutoweka. Smuts mwenyewe aliongoza kikosi cha namna hiyo hadi ndani ya Koloni la Cape mwaka 1901. Ilimchukua Mwingereza miaka miwili kamili kuwachosha, na alifanya hivyo kwa kuchoma mashamba na kuwafungia wake na watoto kambini. Kambi moja ilikuwa hapa hapa mjini, katika uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Wazungu wapatao 28,000, wengi wao watoto, walikufa katika kambi hizo. Na Waafrika waliofungwa katika kambi zao mbali walikufa si chini ya 14,000, ingawa hao hawakutajwa sana vitabuni kwa miaka mingi.

Basi ungetegemea kwamba mtu aliyeyaona hayo angejua thamani ya adui asiyetaka kusimama. Smuts alishuka Mombasa Februari 1916. Juma moja kabla yake, tarehe 12 Februari, askari wa Afrika Kusini walikuwa wamejaribu kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wakatimuliwa na askari weusi wa Mjerumani. Waliowasitiri wakati wa kurudi nyuma walikuwa Mabaluchi wa jeshi la India, watu ambao vijana wale wa Transvaal na Natal walikuwa wamezoea kuwadharau huku kwao.

Smuts aliamua kumzunguka adui badala ya kumkabili uso kwa uso. Kwenye ramani mambo yalikwenda vizuri ajabu. Moshi ilianguka Machi, Kondoa Irangi Aprili, Morogoro mwisho wa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia Tabora mwezi huo huo. Reli ya kati yote ikawa mikononi mwao. Lakini Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, hakuwa akipigania miji. Alitaka kuwashughulisha Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo, kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, ili wasipelekwe Ulaya. Kila alipozungukwa aliondoka usiku akaacha pori.

Na pori ndilo lililopigana. Farasi na nyumbu wa Afrika Kusini walikufa kwa maelfu kwa mbung'o. Malori yalizama katika tope la masika. Malaria na kuhara viliwamaliza watu. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, na kilikuwa hakijapigana vita vyovyote vya maana. Mwisho wa mwaka ule Wazungu zaidi ya 12,000 walirudishwa kwao wagonjwa.

Mnyama akifa, mzigo hubebwa na mtu. Hapo ndipo hesabu ya vita hivi ilipo, nami naomba msomaji aifuate. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, naye akila kilo moja kwa siku, akienda mwendo wa siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amekula karibu mzigo wote yeye mwenyewe. Askari wa mbele hapati kitu. Kwa hiyo kila jeshi lilivyosonga mbele zaidi ndivyo lilivyohitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi.

Januari 1917 Smuts aliondoka kwenda London, akatangaza kwamba kazi iliyobaki ni ndogo. Huu naona ndio ubaya wake mkubwa kuliko yote, maana vita viliendelea karibu miaka miwili tena. Jenerali Hoskins aliyemfuata alirithi jeshi lisiloweza kusonga, na Rufiji imefurika. Mei 1917 akaondolewa, akawekwa Jaap van Deventer, Kaburu mwingine. Mahali pa Wazungu waliougua palijazwa na Waafrika: King's African Rifles, iliyokuwa na askari wapatao 2,300 tu mwaka 1914, ilifikia zaidi ya 30,000 mwaka 1918. Mahiwa, Oktoba 1917, Waingereza walipoteza watu 2,700 hivi kati ya 4,900 kwa siku nne. Mwezi uliofuata von Lettow akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Alisalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya amani ya Ulaya, akiwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100.

Wajerumani walimpokea Berlin kama shujaa asiyeshindwa. Sisi tuulize nani aliyelipa. Wapagazi wa upande wa Mwingereza walifika milioni moja hivi. Waliohesabiwa kufa ni kama 95,000, na hesabu hiyo inadhaniwa kuwa pungufu. Wa upande wa Mjerumani hawakuandikwa hata majina. Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, kisha mvua ikakosa. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 Wagogo huiita Mtunya, na yasemekana iliua watu 30,000, mmoja katika kila watano.

Kwa siasa, Afrika Kusini haikupata kitu. Smuts alitumaini kwamba sehemu ya ardhi ya Mjerumani ingebadilishwa na Wareno ili Muungano upate kusini mwa Msumbiji pamoja na bandari ya Delagoa Bay. Haikuwa. Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, na mwaka 1924 wapiga kura wa Smuts wakamwondoa kwa sababu nyingine nyingi. Mwingereza naye alikuta Kenya watu waliorudi si wale waliokwenda. Waliwekewa kipande, mishahara ikapunguzwa, na Harry Thuku alipokamatwa Nairobi tarehe 14 Machi 1922 umati ukakusanyika kumdai, ukapigwa risasi siku mbili baadaye. Tarehe hiyo hiyo 14 Machi mizinga ya serikali ya Smuts ilikuwa ikiipiga Fordsburg, ambako wengi wetu hununua nyama, ili kuvunja mgomo wa wachimba dhahabu weupe.

Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Anayetaka kuona mabaki ya vita hivyo aende Pretoria, Union Buildings, auangalie mzinga mmoja wa manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Ndugu yake yuko Mombasa, Fort Jesus. Mizinga hiyo ilitolewa majini na kuvutwa bara kwa mikono ya watu.