Kuwanga, Kuhesabu, Kubala

Kwenye mwalo wa Ggaba, ukiuliza bei ya ngege wa wastani, muuzaji anaweza kukujibu neno moja tu: "Kenda." Maana yake ni shilingi elfu tisa. Mara ya kwanza nilicheka, naye akadhani nadharau samaki wake. Kumbe mimi nilikuwa nimetoka darasani, tulikofundishwa kwamba kenda ni jina la kale la tisa katika Kiswahili, lile lililobaki katika Mijikenda. Waganda wanalo hadi leo: mwenda ni tisa, kyenda tisini, lwenda mia tisa, kenda elfu tisa. Mzizi haubadiliki, hubadilika viambishi tu.

Tukija kwenye kitenzi chenyewe, Waganda husema okubala. Sisi tunasema kuhesabu, kutoka Kiarabu. Wapo wanaodai kwamba Waswahili walifundishwa kuhesabu na Waarabu. Sikubaliani nao. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni wageni waliowakuta wenyeji: tandatu, fungate na kenda. (Fungate amehamia kwa maharusi.) Hata kitenzi kilikuwapo, nacho ni kuwanga. Kamusi hukipa maana mbili: kuhesabu, na kufanya uchawi.

Ilikuwaje hesabu ikawa uchawi? Katika bandari kama Kilwa, Mombasa na Zanzibar, deni na shehena viliandikwa, tena kwa hati za Kiarabu. Naona mwenye daftari ndiye aliyeleta neno lake. Kuwanga kukabaki kwa hesabu za faragha, zisizoonekana kwenye karatasi, na jambo lisiloonekana hushukiwa haraka.

Lakini Wajapani wanaisumbua hoja yangu. Nao walipokea maandishi kutoka China, pamoja na namba ichi, ni, san, wakazitumia sambamba na zao wenyewe, hitotsu, futatsu, mittsu. Hata hivyo kitenzi chao, kazoeru, ni cha asili, ndugu wa kazu, yaani idadi. Kwa hiyo maandishi peke yake hayatoshi kuua kitenzi. Nadhani pwani kulikuwa na jambo la ziada: mfanyabiashara mgeni alihamia, akaoa, akawa jirani na shemeji.

Buganda ilikuwa tofauti. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840, na Kiganda kikachukua kitabo na ssaawa kutoka Kiswahili, lakini hesabu hakikuichukua. Machifu walikwisha kuwa na kazi ya kumkusanyia Kabaka kodi, na kitenzi cha kazi hiyo kilikuwa okubala. Mkataba wa 1900 ulipoweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, nyumba hizo zilihesabiwa kwa Kiganda.

Yule muuzaji nilimweleza sababu ya kicheko changu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akashusha bei hadi kanaana.