Tangi Lililo Sakafu: Historia ya Ubadilishaji wa Tangi la Mafuta katika Ford Mustang ya Paa la Kukunjwa, 1964–1966

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Aprili 1964, kampuni ya Ford ilizindua gari la Mustang katika Maonesho ya Dunia ya New York. Historia ya gari hilo imeandikwa mara nyingi kwa kuzingatia umbo lake, bei yake na wingi wa wanunuzi wake, ambao walizidi 400,000 katika mwaka wa kwanza. Tangi la mafuta halijapewa nafasi kubwa katika maandishi hayo, ingawa ni miongoni mwa sehemu ambazo wamiliki wa Mustang za zamani hulazimika kuzibadilisha.

Makala haya yanachunguza ubadilishaji wa tangi katika Mustang za paa la kukunjwa zilizotengenezwa kati ya mwaka 1964 na 1966. Hoja kuu ni kwamba kazi hiyo si ya ufundi pekee. Katika gari hili, tangi ndilo sakafu ya buti. Kwa hiyo, anayelibadilisha kwa nia ya kulirejesha gari katika hali yake ya asili hurejesha pia uamuzi wa kihandisi ambao baadaye ulipingwa vikali. Swali linalojadiliwa ni hili: mmiliki anapodai kuwa mwaminifu kwa historia ya gari lake, uaminifu huo ni kwa chuma, kwa umbo, au kwa ukweli wa mambo yaliyotendeka?

2.0 Chimbuko la Tangi Lililo Sakafu

Mustang haikubuniwa upya kwa kila kitu. Ili kupunguza gharama na muda, wahandisi wa Ford walitumia sehemu nyingi za Falcon, gari dogo lililoingia sokoni kama toleo la mwaka 1960. Falcon lilikuwa gari la kubana matumizi, na wepesi wake ulikuwa sehemu ya sababu ya kuwapo kwake. Katika gari hilo, sakafu ya buti iliachwa na tundu kubwa, na tangi likatumbukizwa humo kutoka juu. Tangi lenyewe lilikuwa vipande viwili vya bamba la chuma vilivyofinyangwa kwa mashine mfano wa mabakuli mawili, kisha vikaunganishwa ukingoni. Ukingo huo uliozunguka tangi lote ndio ulioegemea sakafu na kufungwa kwa skrubu. Bakuli la juu likawa sakafu ya buti, na bakuli la chini likabaki nje, likitazamana na barabara.

Mustang ilirithi mpango huo. Tangi lake lilikuwa na ujazo wa galoni 16 za Kimarekani, yaani takriban lita 60. Shingo ya kujazia petroli ilianzia katikati ya bamba la nyuma la gari, ikapita ndani ya buti, na kuunganishwa na tangi kwa kipande cha mpira kilichokazwa kwa vibanio. Mizigo ya msafiri iliwekwa juu ya tangi, ikitenganishwa nalo kwa mkeka mwembamba.

Faida ya mpango huu ilikuwa bayana. Bamba moja lilifanya kazi mbili, ya kuhifadhi petroli na ya kubeba mizigo, na hivyo chuma, uzito na gharama vikapungua. Upungufu wake ulitokana na chanzo hichohicho. Palipokosekana sakafu nyingine, palikosekana pia kizuizi kati ya petroli na buti.

3.0 Paa la Kukunjwa na Athari za Maji

Mustang ya paa la kukunjwa haikuwa toleo la pembeni. Gari lenye namba ya kwanza katika mfululizo wa namba za Mustang lilikuwa la paa la kukunjwa, la rangi nyeupe. Liliuzwa Newfoundland, Kanada, likarudishwa kwa Ford mwaka 1966, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya The Henry Ford mjini Dearborn. Katika matoleo ya mwaka 1965 na 1966, yakijumuishwa yale ya miezi ya mwanzo ya 1964, magari ya paa la kukunjwa yalizidi 170,000.

Kuondolewa kwa paa la chuma kulikuwa na matokeo mawili yanayohusu tangi. Kwanza, paa lililokunjwa lilihitaji mahali pa kulala nyuma ya kiti cha abiria. Katika Mustang ya paa la chuma, kiti na buti vilitenganishwa kwa ubao mwepesi wa nyuzi. Katika ile ya paa la kukunjwa, mahali pa ubao huo palichukuliwa na shimo la kupokea paa. Hakuna kati ya magari hayo mawili lililokuwa na ukuta kamili wa chuma kati ya abiria na buti.

Pili, paa la kitambaa halizuii maji kama paa la chuma. Mishono inapochakaa na gasketi ya mfuniko wa buti inapokauka, maji hupenya na kushuka hadi sakafuni. Kwa kuwa sakafu ni tangi, maji hayo hutulia kwenye ukingo wake, chini ya mkeka, mahali ambapo jicho halifiki. Kemikali ya kuzibia iliyopakwa kati ya ukingo na sakafu hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Hivyo kutu huanza juu ya tangi na kwenye mdomo wa tundu la sakafu kwa wakati mmoja.

Kutu ya pili hutoka ndani. Matangi ya chuma ya enzi hiyo kwa kawaida yalipakwa aloi ya risasi na stani ili kuzuia kutu. Kifuniko cha tangi kilikuwa na upenyo wa hewa, kwani sheria ya kudhibiti mvuke wa petroli ilianza California kwa matoleo ya mwaka 1970 na Marekani nzima kwa matoleo ya mwaka 1971. Gari linapokaa miezi mingi likiwa na petroli kidogo, hewa yenye unyevu huingia na kugeuka matone usiku. Maji, yakiwa mazito kuliko petroli, huzama chini, na pale ambapo mpako umekwanguka, chuma huanza kuliwa.

Mabadiliko ya petroli yenyewe yameongeza tatizo. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 1996. Leo petroli nyingi nchini humo ina ethanoli ya hadi asilimia 10. Ethanoli hufyonza maji, na yakizidi kiwango, mchanganyiko hujitenga na kuzama. Aidha, mipira ya miaka ya 1960 haikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli, hivyo hulainika au kupasuka. Kwa hiyo, tangi la mwaka 1965 linatumika leo kuhifadhi kimiminika ambacho waliolibuni hawakukikusudia.

4.0 Kazi ya Kubadilisha Tangi

Hatua za kazi hii zinaonesha jinsi tangi lilivyofungamana na mifumo mingine ya gari. Fundi huanza kwa kutenganisha betri, kisha huondoa petroli na kuitia katika chombo kinachofaa, mahali penye hewa ya kutosha. Tangi lililomwagwa halipaswi kudhaniwa kuwa salama. Mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa huwaka kwa cheche ndogo, na kwa sababu hiyo tangi kuukuu haliguswi kwa moto wa kuchomelea kabla ya kusafishwa kitaalamu.

Baada ya hapo huondolewa mkeka, shingo ya kujazia na mpira wake. Chini ya gari hutenganishwa bomba la mafuta na waya wa kipimo. Skrubu za ukingoni hufunguliwa, kemikali ya kuzibia hukatwa, na tangi huinuliwa juu kupitia buti. Ni wakati huo ambapo hali halisi ya gari hufunuliwa. Iwapo mdomo wa tundu la sakafu umeliwa na kutu, tangi jipya halitapata mahali pa kushika, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya tangi hugeuka kuwa kazi ya bodi.

Tangi jipya hujaribiwa likiwa kavu kabla ya kupakwa kemikali mpya ya kuzibia. Mipira hubadilishwa yote kwa aina inayostahimili ethanoli. Kipimo cha mafuta kinahitaji uangalifu wa pekee. Boya lake huendesha kinzani ya umeme ambayo, katika magari ya Ford ya kipindi hicho, husoma takriban omu 73 tangi likiwa tupu na omu 10 likijaa. Kipimo cha gari la aina nyingine, hata kikienea katika tundu, hutoa taarifa ya uongo kwenye dashibodi. Isitoshe, umeme wa kipimo hurudi kwenye bodi kupitia tangi lenyewe na skrubu zake. Rangi mpya na kemikali ya kuzibia, zikipakwa bila kuacha chuma kigusane na chuma, hukata njia hiyo. Vilevile, kifuniko kisicho na upenyo wa hewa kikifungwa kwenye gari lisilo na njia nyingine ya hewa, pampu hushindwa kuvuta petroli.

Kutokana na maelezo hayo, tangi ni chombo cha mafuta, sehemu ya bodi na sehemu ya mzunguko wa umeme kwa wakati mmoja. Kubadilisha tangi ni kuvunja na kuunda upya uhusiano huo wote.

5.0 Mjadala wa Usalama

Mustang ilipozinduliwa, Marekani haikuwa na kiwango cha kitaifa kilicholazimisha tangi la mafuta kuhimili ajali. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake kuhusu hatari za magari ya Kimarekani, na mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usalama wa magari. Kiwango namba 301, kinachohusu mfumo wa mafuta, kilianza kutumika kwa magari madogo mwaka 1968, lakini mwanzoni kilihusu ajali za mbele pekee. Jaribio la kugongwa kwa nyuma lilianza kutumika kwa matoleo ya mwaka 1977. Katikati ya vipindi hivyo viwili ndipo lilipozuka suala la Ford Pinto, ambalo tangi lake lilikuwa nyuma ya ekseli. Mwaka 1978 Pinto na Mercury Bobcat zipatazo milioni 1.5 ziliitwa zirudishwe kurekebishwa.

Tangi la Pinto na la Mustang hayakuwa ya muundo mmoja, na si sahihi kulihukumu moja kwa ushahidi wa jingine. Hata hivyo, wakosoaji wa Mustang wametoa hoja inayotokana na muundo wake wenyewe. Gari likigongwa nyuma kwa nguvu, tangi hubanwa, ukingo au shingo yake huweza kufunguka, na petroli huingia ndani ya buti badala ya kumwagika barabarani tu. Kutoka buti hadi kwa abiria hakuna ukuta wa chuma wa kuizuia. Watetezi hujibu kwamba gari lilitimiza matakwa ya sheria ya wakati wake. Jibu hilo ni la kweli, lakini sheria hiyo haikuwa imesema lolote kuhusu ajali ya aina hiyo.

Viwango vya baadaye havikurudi nyuma kuyagusa magari ya zamani, hivyo uamuzi umeachwa kwa mmiliki. Baadhi huongeza ukuta wa chuma nyuma ya kiti, na wengine huweka tangi la mashindano lenye mfuko wa ndani. Kwa mwenye gari la paa la kukunjwa, chaguo ni finyu zaidi, kwa kuwa ukuta unahitaji nafasi ileile ambayo paa hulala. Gari ambalo uzuri wake unatokana na kufunguka kwa paa ndilo gumu zaidi kulindwa.

6.0 Uasilia na Ukweli wa Kumbukumbu

Mwaka uleule wa 1964, wataalamu wa uhifadhi wa majengo walipitisha Hati ya Venice. Hati hiyo inataka kilichowekwa kufidia sehemu iliyopotea kipatane na kizima chake, lakini kiweze kutofautishwa na cha asili, ili ukarabati usiughushi ushahidi wa historia. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, baadaye liliandaa Hati ya Turin likifuata msingi huohuo kwa upande wa magari.

Ukipimwa kwa msingi huo, usemi wa kawaida kwamba gari lina tangi jipya la asili una mgongano ndani yake. Tangi la kuigwa hufuata umbo la mwaka 1965, lakini chuma chake, mpako wake na kiwanda chake ni vya zama nyingine. Likifichwa chini ya mkeka bila maelezo, mtafiti wa baadaye atalichukua kama ushahidi wa mwaka 1965. Kwa upande mwingine, ukuta wa chuma uliowekwa wazi na kuandikwa katika kumbukumbu haumdanganyi mtu. Unaonesha kuwa mwenye gari aliujua udhaifu wa muundo na akachukua hatua.

Tofauti kati ya gari la makumbusho na la barabarani inapaswa pia kuzingatiwa. Gari la makumbusho laweza kukaa bila petroli, na tangi lake lililotoboka likabaki kuwa hati ya kihistoria. Gari la barabarani hubeba watu, wakiwamo abiria wa nyuma ambao hawakushiriki katika uamuzi wowote kuhusu uasilia. Uaminifu kwa umbo la kale hauwezi kudaiwa kwa gharama ya usalama wao bila wao kujua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa tangi la Mustang ya paa la kukunjwa lilizaliwa kutokana na ubanaji wa gharama, likadhoofishwa na maji na mabadiliko ya petroli, na likaingia katika mjadala wa usalama uliokuja baada yake. Kwa hiyo, swali lililoulizwa mwanzoni linajibika hivi: uaminifu unaostahili ni kwa ukweli wa mambo yaliyotendeka. Chuma huoza, na umbo huweza kuigwa. Inapendekezwa kwamba kila ubadilishaji uambatane na alama ya mwaka kwenye tangi jipya, picha za tangi la zamani na za mdomo wa sakafu, maelezo ya mpako na ya kipimo kilichotumika, pamoja na taarifa ya wazi iwapo ukuta umewekwa au la. Tangi kuukuu lililosafishwa litunzwe panapowezekana. Kwa utaratibu huo, mtafiti atakayelifungua buti la gari hilo baada ya miaka 50 ataweza kutambua kilichotoka kiwandani, kilichobadilishwa, na sababu ya kukibadilisha.