Jean wa Luxembourg

Jean wa Luxembourg (1392 – 5 Januari 1441), bwana wa Beaurevoir na baadaye wa Ligny, alikuwa kabaila na jemadari wa Burgundy wakati wa Vita vya Miaka Mia. Alitoka katika tawi la ukoo wa Luxembourg lililokuwa na ardhi kaskazini mwa Ufaransa. Vitani alipoteza jicho moja.

Alimtumikia Duki Filipo Mwema wa Burgundy, aliyeungana na Waingereza dhidi ya Mfalme Charles VII wa Ufaransa. Mwaka 1425 aliutwaa mji wa Guise, na mwaka 1430 alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Udugu wa Manyoya ya Dhahabu, chama cha heshima alichokiasisi duki huyo.

Tarehe 23 Mei 1430, askari wa kikosi chake walimkamata Jeanne d'Arc, msichana aliyepigana upande wa Charles VII, nje ya Compiègne. Jean alimfungia katika ngome ya Beaulieu, kisha Beaurevoir, ambako shangazi wa Jean alimsihi asimtoe kwa Waingereza. Hata hivyo aliwauzia mateka huyo kwa livre 10,000. Jeanne alichomwa moto Rouen mwaka 1431.

Duki alipopatana na Charles VII kwa Mkataba wa Arras wa 1435, Jean alikataa kuutia saini. Alifariki Guise bila mtoto. Mrithi wake alikuwa mpwa wake Louis, mtoto wa kaka yake, aliyeuawa kwa kukatwa kichwa Paris mwaka 1475 kwa uhaini.