Watu wa Kwanza wa Masasi

Watu wengi wakisikia habari za Injili kufika kusini huwaza kwanza Maaskofu, na safari zao, na vitabu vyao. Nasi hatuipunguzi heshima yao. Walakini katika jubilei hii twapenda kuwakumbuka wale waliofuata nyuma ya Askofu, maana yeye alirudi Unguja, na wao ndio waliobaki.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu wapatao hamsini, waume kwa wake, waliokuwa watumwa wakakombolewa. Wengi walizaliwa katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa, wakaibwa wangali watoto, na nia ya Askofu ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Hata walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, wakaona ya kuwa nchi ni njema, wakaomba kukaa papo hapo. Askofu akakubali.

Wafikirini watu wale, ninyi walimu. Wamewekwa kati ya Wayao na Wamakua, watu wenye koo zao na wazee wao. Nao hawana mjomba wala shangazi. Siku zile mtu asiye na ukoo alikuwa mtumwa, au karibu na kuwa mtumwa, na misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita kusini. Basi jirani aliyekuja kutazama aliona jambo geni: watu wasio wa damu moja wakiitana ndugu, wakilima, wakioana kwa ndoa ya mke mmoja, wakisali pamoja. Twaamini ya kuwa mahubiri ya kwanza ya Masasi yalikuwa hayo, kabla jirani hajaelewa neno moja la kitabu.

Wala tusidhani ya kuwa wote walikuwa watakatifu. Ugomvi ulikuwako, na mapadre walisumbuka sana kwa mashauri yao. (Mwalimu yeyote wa kijijini hatastaajabu.)

Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Wamagwangwara, waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Hebu waza: mtu aliyekwisha kuibwa mara moja na kukombolewa, sasa anafungwa tena. Mapadre walijitahidi kuwakomboa, na wengi wa waliosalia wakahamia Newala kwa Matola, chifu wa Wayao. Hapo kazi ingaliweza kufa, wala haikufa.

Miongoni mwa wale waliotolewa utumwani alikuwako kijana Myao, Cecil Majaliwa, aliyesomeshwa Unguja na baadaye Uingereza. Alipokwisha kupewa ushemasi mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa chifu Nakaam, ambaye baadaye aliitwa Barnaba. Hapakuwa na Mzungu wa kukaa naye. Aliishi kati ya Wayao akisema lugha yao, akifundisha watoto wao, na mambo yake ya kila siku yakiwa wazi mbele ya macho yao.

Mwaka 1890 akaitwa Unguja, akawa padre Mwafrika wa kwanza wa misheni ile, katika mji ule ule ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Kisha akarudi Chitangali.