Kutoka Bedi hadi Kondori: Ndege wa Gofu Mbele ya Ndege wa Udzungwa

Mang'ula, nchini Tanzania, inajulikana kwa stesheni yake ya reli ya TAZARA na kwa makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Wataalamu wa ndege nao wanaijua kwa jambo lao: milima hii na bonde la Kilombero vina ndege wasiopatikana penginepo duniani. Basi ni mahali pafaapo kuuliza kwa nini gofu, inapotaka kusifu matokeo adimu, hukimbilia majina ya ndege.

Kila shimo la gofu limepangiwa mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia, kwa kawaida 3, 4 au 5. Hiyo ndiyo pari. Ukimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu, umepata bedi; miwili, igo; mitatu, albatrosi; minne, kondori.

Ngazi hiyo ilianzia Marekani. Simulizi mashuhuri inatupeleka Atlantic City, New Jersey, karibu na mwaka 1900. Ab Smith alipiga mpira ukatua inchi chache tu kutoka shimoni. Kwa Wamarekani wa wakati ule, kitu kizuri kupindukia kiliitwa ndege, na mkwaju ule ukasifiwa hivyo hivyo. Smith akapendekeza kwamba atakayemaliza shimo kwa mkwaju mmoja chini ya pari alipwe maradufu, na jina la bedi, yaani ndege mdogo, likashika. Ndege akishaingia mchezoni, aliyefuata alikuwa igo, yaani tai, nembo ya taifa lao.

Albatrosi, ndege wa bahari kuu, alipendwa zaidi na Waingereza. Wamarekani wengi husema igo maradufu. Afrika ilipata albatrosi yake mapema: mwaka 1931, E. E. Wooler alitumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja kwenye shimo la 18 la Durban Country Club, lenye pari ya 4. Miaka minne baadaye, kwenye mashindano ya Augusta, Gene Sarazen alipata albatrosi alipopiga mpira yadi 235 ukaingia kwenye shimo la 15. Akamfikia Craig Wood, aliyekuwa akiongoza, na katika mchezo wa marudiano akatwaa ubingwa. Kondori ni nadra kuliko zote: mwaka 1962 huko Hope, Arkansas, Larry Bruce alikata kona juu ya misonobari na kumaliza shimo la yadi 480 kwa mkwaju mmoja.

Afrika Mashariki iliipokea gofu mapema. Klabu ya Entebbe ilianza 1901, ya Nairobi 1906. Kanuni zilikubali mazingira: klabu ya Jinja ilipata sifa kwa kumruhusu mchezaji kuutoa bila adhabu mpira uliotumbukia kwenye unyayo wa kiboko. Lakini majina ya ndege hayakuguswa, ingawa hakuna kondori hata mmoja anayeishi porini Afrika.

Sasa tazama Udzungwa. Chozi mwenye mabawa mekundu-kahawia alielezwa kisayansi mwaka 1983, kutoka msitu wa Mwanihana, juu ya vijiji vya ukanda huu. Mnana wa Kilombero, anayeishi kwenye matete ya bondeni, alielezwa mwaka 1990. Mwaka 1991, watafiti wa Denmark waliokuwa wamepiga kambi msituni waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Akatangazwa mwaka 1994.

Gofu hupima uadimu kwa ukubwa wa mwili: kila matokeo yanavyokuwa magumu ndivyo ndege anavyokuwa mkubwa. Udzungwa hupima kinyume. Tai mwenye kishungi anayewinda nyani na mbega msituni humo ameenea sehemu kubwa ya Afrika, huku chozi wa gramu chache akiwa amebanwa kwenye misitu michache ya milimani. Kinachomfanya adimu ni ufinyu wa makazi yake. Na ukweli wa albatrosi na kondori za gofu uko hapo hapo. Nguvu za mpigaji pekee hazitoshi. Lazima shimo la umbo fulani, upepo, ardhi na bahati vikutane mahali pamoja kwa mkwaju mmoja. Kipimo cha uadimu huo kinamfaa chozi kuliko kondori.